Vijana wapime hewa ya uwanja wao kabla ya kupanga ratiba ya mbio

Mwulize kijana wa Nairobi hewa chafu iko wapi, atakuonyesha moshi mweusi wa matatu. Chembechembe laini za PM2.5, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, hazioni. Kwa hiyo anza na pumzi zake mwenyewe.

Hatua ya 1. Akae dakika 5, kisha ahesabu pumzi za dakika nzima. Akimbie mita 400, na akisimama tu ahesabu za sekunde 15, azidishe kwa 4. Mwambie kila pumzi nayo imekuwa kubwa: aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 kwa dakika, anayekimbia kwa nguvu hupita 60. Tena anahemea mdomoni, na chujio liko puani.

Hatua ya 2. Tafuteni kipimahewa cha mkononi kinachosoma PM2.5. (Kadi iliyopakwa mafuta ya mgando haitoshi: hunasa vumbi kubwa tu.) Chagueni vituo 3: kando ya barabara kuu, mita 200 kutoka barabarani, na uwanjani. Kiwasheni, subirini dakika 2, kishikeni usawa wa kifua, tundu lisizibwe na vidole. Andikeni namba kila dakika kwa dakika 10, mpate wastani. Rudieni saa 12:30 asubuhi, saa 4 asubuhi na saa 11 jioni, siku 5.

Asubuhi ndipo panapopotosha. Baridi huzuia moshi usipande, hivyo namba kubwa huenda ni ya kweli. Lakini kukiwa na ukungu, leza ya kipimo huhesabu vitone vya maji kama moshi. Siku ya ukungu itieni alama, msiichanganye na nyingine. Andikeni pia kama taka zinachomwa jirani.

Hatua ya 3. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 kiwango cha juu cha PM2.5 kuwa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24. Dakika zenu 10 si saa 24, basi linganisheni kituo na kituo, saa na saa.

Hatua ya 4. Wakiona namba kubwa, wengi husema waache kukimbia. Wazuieni hapo hapo! Miili yao inahitaji mazoezi. Kinachobadilika ni saa na njia. Mbio kali zihamie kituo na saa yenye namba ndogo, na siku mbaya wanyooshe viungo au watembee. Barakoa ya kitambaa haizuii vya kutosha chembe hizi. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, na kifua kikianza kubana au kutoa mluzi, asimame bila kungoja ruhusa.