Pedi ya PS2 ikipagawa, usikimbilie solda

Malalamiko yanayofika mezani kwangu kuhusu pedi, yaani kishikio cha kuchezea gemu za PS2 (PlayStation 2, mashine ya Sony), karibu yote ni yale yale: "Fundi, pedi imepagawa." Mchezaji anakimbia mwenyewe kuelekea kona, menyu inapanda na kushuka bila mtu kugusa kitu. Mwenye pedi ameshashauriwa anunue nyingine. Mimi namwambia aigeuze pedi atazame mgongoni mwake: kama ni ya Sony kweli na imeandikwa SCPH-10010, asiitupe. PS2 ilitoka Japani Machi 2000, na kufikia mwanzoni mwa 2013 uzalishaji ulikuwa umesimama. Pedi halisi zilizobaki mitaani ndizo hizo hizo, na nyingi zinazouzwa leo kama mpya ni bandia, nyepesi mkononi, vijiti vya kuelekezea kwa kidole gumba vinalegea mapema.

Kabla hujafungua chochote, bonyeza kitufe cha Analog hadi taa nyekundu izime. (Baadhi ya gemu haziruhusu, jaribu na nyingine.) Mchezaji akitulia, mwenye kosa ni kijiti. Akiendelea kuhangaika, tatizo liko kwenye vitufe, na mara nyingi wala solda haihitajiki.

Tafuta bisibisi ndogo ya nyota, pamba za masikio, spiriti safi (isopropili ikipatikana ndiyo bora), mkasi na utepe wa sponji wenye gundi upande mmoja. Petroli na thina visisogee hapo, vinaharibu plastiki.

Laza pedi kifudifudi juu ya kitambaa, vitufe vitazame chini, ndipo ufungue skrubu za mgongoni. Vinginevyo utaokota mipira ya vitufe chini ya meza. Nyanyua kifuniko taratibu, kisha piga picha kwa simu: waya mkuu unavyopita kati ya vinguzo vya plastiki, na mota zilivyokaa, kubwa upande wa kiganja cha kushoto, ndogo wa kulia. Waya usiporudi kwenye njia yake, kifuniko kitakataa kufunga, na ukilazimisha utaukata.

Inua bodi, ile sahani ya saketi. Utaona karatasi nyembamba ya plastiki yenye madoa meusi ya kaboni, mahali ambapo mipira ya vitufe inagandamiza. Vitufe vingi vya pedi hii havisomwi kama swichi ya taa. Ukigandamiza zaidi, ukinzani wa umeme unabadilika, na bodi inasoma nguvu ya kidole chako. Mkia wa karatasi hiyo, ile ncha yenye mistari ya umeme, haujalehemiwa. Unagusa bodi kwa kubanwa tu, na katika matoleo mengi kinachoubana ni kipande cha sponji. Sponji ikizeeka inanywea, mgandamizo unapungua, usomaji unayumba, bodi inadhani umebonyeza. Shetani lenyewe ndilo hilo.

Futa mistari ya mkia na ile ya bodi kwa pamba yenye spiriti kidogo, ukifuata urefu wa mistari, bila kusugua. Iache ikauke kabisa. Kata kipande cha utepe wa sponji chenye upana wa mkia, ukibandike nyuma yake, juu ya plastiki inayoubeba. Kisiingie kamwe kati ya mkia na bodi. Unene utaupima kwa kidole: ukirudisha bodi, iinuke kidogo ikisubiri skrubu. Ikilala yenyewe, sponji haitoshi. Ikigoma kushuka, umezidisha. Wapo wanaokunja karatasi ya daftari badala ya sponji. Inafanya kazi, ila kwa jasho la viganja na unyevu wa pwani pedi hiyo itarudi tu.

Kama kosa ni la kijiti, kila kimoja kina vipimo viwili ubavuni, kimoja cha kwenda kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Bandua kifuniko cha kipimo kwa ncha ya kisu, futa njia nyeusi iliyo ndani, na inua ulimi wa chuma kidogo sana, ukaribie unene wa unywele. Ukiwa na adapta ya USB, chomeka pedi kwenye kompyuta uone namba: usomaji unakwenda kutoka 0 hadi 255, na kijiti kilichoachwa huru kinapaswa kukaa karibu na 128. Njia nyeusi ikiwa imechimbika, hapo ndipo solda inaamka. Toa kijiti kwenye pedi halisi iliyokufa kwa sababu nyingine. Nakiamini kuliko kipya cha pakiti.

Pedi ikicheza vizuri lakini haitetemeki, usihukumu mota kwanza. Umeme wa mota unapita kwenye waya wake, wa kijivu, mbali na ule mwekundu unaolisha bodi. Mara nyingi umekatikia shingoni, pale kebo inapoingia kwenye pedi. Upime kwa mita huku ukiukunja, kata sehemu mbovu, lehemu upya. Kwenye pedi bandia rangi hizo usiziamini, fuata pini za plagi.