Kufundisha usimamizi wa mradi na uhandisi wa mifumo katika kozi moja

Mwalimu mwenzangu wa chuo cha ufundi aliniomba nimsaidie kuyaunganisha masomo haya mawili: usimamizi wa mradi, yaani kupanga kazi, muda na fedha, na uhandisi wa mifumo, yaani kubuni sehemu za kitu ili zifanye kazi pamoja. Utaratibu tuliofuata ni huu.

1. Chagua mradi mmoja. Mimi hutumia mradi wa maji: kisima, pampu ya sola, mnara wenye simtanki la lita 5,000, na vituo vya kuchotea.

2. Andikeni mahitaji yanayopimika. "Maji ya kutosha" yakatae. "Dumu la lita 20 lijae ndani ya dakika mbili" lipokee, na jaribio lake liandikwe papo hapo.

3. Gawanyeni mfumo na kazi kwenye karatasi moja. Hapa usiwe na haraka. Programu ya ratiba isifunguliwe kabisa. Bandika manila ukutani, wape wanafunzi penseli. Programu huwapa tarehe zilizopangika vizuri kabla hawajajua wanajenga nini. Kushoto ziwe sehemu za mfumo, kulia kazi zinazozijenga au kuzijaribu. Kazi isiyogusa sehemu yoyote ni ya kufutwa, au kuna sehemu imesahaulika.

Kisha tafuteni maungio, yaani pale sehemu mbili zinapokutana, maana huko ndiko miradi inakofia. Bomba linapoingia kwenye tangi, kipenyo ni kipi? Koki ananunua nani, mwanafunzi wa mabomba au wa tangi? Kila ungio lipate kipimo, mwenye dhamana na tarehe. Chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilipotea Septemba 1999 baada ya programu moja kutoa namba za nguvu ya msukumo kwa pauni, nyingine ikazisoma kama nyutoni. Kwa hiyo hata kizio cha kipimo kiandikwe.

Wakishamaliza, badilisha tangi liwe la lita 10,000. Usiwaeleze kitu. Maji yaliyokuwa tani 5 yamekuwa tani 10; wa mnara anarudia hesabu za msingi na nondo, wa bajeti anaongeza saruji. Zege likimwagwa upya, nguvu yake kwa kawaida huhesabiwa baada ya siku 28, hivyo na ratiba inasogea. Waache wabishane wenyewe. Mwanafunzi aliyepitia ubishi huo huacha kuuliza swali hili ni la somo lipi.

4. Tengenezeni ratiba na bajeti. Sasa kompyuta iruhusiwe.

5. Sahihisha kwa alama moja. Ukitoa alama mbili, kundi litajigawa: hawa wachore mfumo, wale wapange tarehe.