Somo: Kuokoa data kwenye diski yenye sekta mbovu

Kompyuta inapoganda kila unapofungua faili fulani, huenda diski ina sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya hifadhi visivyosomeka. Wengi hukimbilia chkdsk /r (ya Windows) au e2fsck -c (ya Linux), amri za kukagua diski, ilhali huilazimisha diski isomwe yote, na pengine iandikwe, wakati ambapo huenda iko ukingoni. Kwa anayetumia Linux, utaratibu ulio salama huanza na data.

Hatua ya 1. Endesha smartctl -a /dev/sdb, amri inayoonyesha ripoti ya afya ya diski (sdb ni mfano wa jina la diski). Sifa namba 5 huonyesha sekta ambazo diski imekwisha kuzihamishia kwenye akiba yake. Namba 197 huonyesha zilizoshindwa kusomeka, ambazo bado hazijahamishwa. Namba 5 ikiwa ndogo na imetulia, mimi huivumilia. 197 ikizidi kupanda, usingoje.

Hatua ya 2. Ukiwa umeshaiondoa kwa umount sehemu ya diski yenye data yako (hapa /dev/sdb1), inakili kwa programu ya ddrescue kwenye diski nyingine isiyo na hitilafu, yenye nafasi ya kutosha:

ddrescue -n /dev/sdb1 nakala.img ramani.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb1 nakala.img ramani.map

Amri ya kwanza huchukua yanayosomeka bila kung'ang'ania maeneo mabaya. Ya pili huyarudia hayo hadi mara tatu zaidi. Litunze faili la ramani, kwa kuwa umeme ukikatika, kazi itaendelea pale ilipoishia.

Hatua ya 3. Durufu nakala.img, kisha endesha e2fsck -f, inayorekebisha mfumo wa faili, juu ya durufu hiyo, si juu ya diski.

MASWALI

Mwalimu, kwa nini diski isizihamishe mara moja sekta za namba 197?

Kwa sababu haijui kilichokuwamo. Husubiri sekta iandikwe upya: ikikubali, hurudi kazini, ikikataa, nafasi yake huchukuliwa na sekta ya akiba.

Je, mfumo wa faili wenyewe hausaidii?

Husaidia kidogo. Ext4 huorodhesha bloku mbovu katika inodi (kumbukumbu ya ndani ya faili) namba 1, NTFS hutumia faili la $BadClus, na FAT32 huipa klasta (kundi la sekta) mbovu alama ya 0x0FFFFFF7, lakini alama hizo huzuia matumizi ya baadaye tu, hazirudishi kilichopotea. ZFS yenye diski mbili zinazoakisiana ndiyo hurekebisha kweli, kwani hulinganisha jumla-hakiki (checksum, namba ya kuthibitisha kuwa data haijabadilika) na kuandika upya data isiyoharibika kutoka diski ya pili.

Nikiiformati itapona, ndugu?

Kuformati kwa haraka hakugusi sekta nyingi. Kuijaza sifuri diski yote kunaweza kuishusha namba 197 hadi 0. Namba 5 ikipanda sana baada ya hapo, inunulie mbadala.