Unafundisha Kiswahili mtandaoni? Weka saa ya kufunga

Walimu wenzangu mnaofundisha wanafunzi wa Marekani mkiwa Dar, Mombasa au Zanzibar, kinachotumaliza zaidi ni tofauti ya saa. Mwanafunzi wa New York akitoka kazini saa kumi na moja jioni, kwetu ni saa saba usiku. Majira yao ya joto, saa sita. Ukimkubalia mmoja, wa pili naye ataomba, na baada ya miezi michache huna usingizi wala sauti.

Chagua saa ya mwisho, mathalani saa tatu usiku, kisha uizuie kwenye kalenda yenyewe ili nafasi za baada ya hapo zisionekane kabisa. Kumkatalia mtu ana kwa ana ni kazi ngumu, hasa kwetu tuliolelewa kumkirimu kila mgeni. Mpe Jumamosi badala yake: saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi au kumi na moja jioni kwetu. Marekani hubadilisha saa Machi na Novemba, sisi hatubadilishi, kwa hiyo hakiki ratiba mapema.

Kwenye WhatsApp Business, weka ujumbe unaojijibu usiku: “Nimepokea, nitakujibu kesho kuanzia saa mbili asubuhi.”

Na kusahihisha insha ni kazi pia. Itengee muda ndani ya ratiba na uihesabu kwenye bei ya somo, isiwe kazi ya kitandani.