Somo: Jinsi ya kumtumia rafiki tovuti unayoipenda hadi aifungue

Wanakikundi, habari za jioni. Wengi mmeniomba niandike tovuti nzuri za kujifunzia na kujiburudisha. Nikiwapa majina thelathini mtayasoma leo, kesho mmeyasahau. Naanza na jambo ninaloliona kila siku hapa steshenari kwangu Mwanga, mjini Kigoma: watu wanatumiana linki tupu. Linki inaingia saa nne usiku, haina salamu wala maelezo, na anayeipokea ana MB 80 za kumfikisha Jumamosi. Ataifungua kwa sababu gani?

Shoga yangu mmoja anauza dagaa Tabora. Zamani kila mwezi alikuwa akinipigia kuuliza giza linaanza lini, maana dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi mingi ya Kibirizi hupumzika. Akikosea tarehe, analala kwenye treni usiku kucha kisha anafika mwaloni hakuna mzigo. Siku moja nikamtumia ukurasa wa mwezi wa timeanddate.com na maneno haya: "Shoga, humu kuna tarehe za mwezi mpya na mwezi mpevu za mwaka mzima. Chagua Dar es Salaam, mwezi ni ule ule. Duara jeusi ndilo giza. Hakuna video, bando halitaisha." Tangu hapo safari zake anazipanga mwenyewe, na akinipigia ni kunisalimia tu. Nataka kila mmoja wenu aweze kuandika ujumbe kama ule.

Hatua ya kwanza: kuwa na ghala

Usitafute linki siku unayoihitaji. Ndani ya WhatsApp unaweza kujitumia ujumbe mwenyewe: tafuta jina lako kwenye orodha ya watu, fungua, bandika linki, na chini yake andika sentensi moja ya kwa nini umeipenda. Baada ya mwezi rudi uangalie. Tovuti ambayo sijaifungua tena mwezi mzima siigawi kwa mtu, hata kama siku ya kwanza ilinifurahisha.

Hatua ya pili: soma jina la tovuti kabla ya kulipeleka kwa mwenzako

Hapa tukae kidogo. Mdogo wangu aliwahi kutumiwa na rafiki yake linki ya nafasi za kazi. Rafiki hakuwa na nia mbaya, naye alitumiwa vilevile. Mdogo wangu akaona maneno "ajira" na "go.tz" mle ndani, akajaza namba ya NIDA, namba ya simu na nywila. Haikuwa tovuti ya serikali. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ilitoka kwa mtu anayemwamini, ndiyo maana hakuikagua.

Kukagua ni rahisi. Angalia anwani kuanzia baada ya https:// mpaka kwenye mkwaju wa kwanza, yaani alama hii: /. Kipande hicho kisome kutoka mwisho kurudi nyuma. Mwisho wake ndio unaomtaja mwenye nyumba. Kikiishia na .go.tz, ni taasisi ya serikali ya Tanzania, kwa mfano necta.go.tz ya matokeo ya mitihani au meteo.go.tz ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kikianza na ajira.go.tz halafu kikaendelea kwa nukta, neno jingine, kisha .com, mwenye nyumba ni yule wa mwisho, na "ajira.go.tz" ni maneno aliyoyapachika mlangoni. Vivyo hivyo ukiona vistari badala ya nukta, "ajira-go-tz", achana nayo. Na kile kikufuli pembeni ya anwani kinaeleza tu kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamefichwa njiani. Tapeli naye anaweza kuwa na kikufuli.

Hatua ya tatu: kata mkia

Linki nyingi zinazotoka Facebook zina mkia mrefu unaoanzia kwenye alama ya kuuliza, una neno fbclid au utm_source. Mkia huo ni wa kufuatilia nani kabofya akitokea wapi. Ufute kuanzia alama ya kuuliza, kisha jaribu linki iliyobaki kwenye hali fiche (Incognito) ya kivinjari chako. Ikifunguka vizuri, itume hivyo. Angalizo: za YouTube zenye watch?v= usizikate hapo, kwa sababu herufi zinazofuata ndizo video yenyewe. Hiyo hali fiche inakusaidia pia kuona kama ukurasa unamtaka mgeni ajisajili kwanza. Kama ukurasa unataka hivyo, mwambie mwenzako mapema.

Hatua ya nne: pima uzito

Hii wengi wanairuka. Radio Garden, kwa mfano, ni tovuti ninayoipenda mno: unazungusha dunia kwa kidole, kila nukta ya kijani ni kituo cha redio, unagusa unasikiliza mji ambao hutaufika maishani. Lakini redio inayorushwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu MB 58 kwa saa. Kwa mwenye WiFi ya ofisini ni burudani. Kwa mwanafunzi aliyepanga chumba Gungu, hiyo inaweza kula bando lake la siku nzima. Simaanishi asitumiwe, ila aambiwe.

Kinyume chake kuna Lichess, mchezo wa chesi. Ni bure, haina tangazo hata moja, na ni nyepesi. Nimewatumia vijana watatu wa hapa mtaani na sasa wanachuana wao kwa wao kila jioni.

Hatua ya tano: andika sentensi zako

Salamu, ni nini, kwa nini nimekuwaza wewe, itakula kiasi gani. Mjomba wangu ana mtumbwi, kwa hiyo nilimwandikia hivi: "Shikamoo mjomba. Tovuti hii ya windy.com inaonyesha upepo unavyotarajiwa juu ya Ziwa Tanganyika siku zijazo. Nimekukumbuka kwa sababu ya ule upepo wa kusini wa kiangazi. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ndiyo ya kufuata, hii ni ya kukusaidia kuielewa." Akajibu marahaba, kisha akauliza maswali manne. Linki tupu haimfanyi mtu mzima aulize maswali manne.

Hatua ya sita ni fupi: tuma kwa anayehusika. Kundi la ukoo la watu tisini si mahali pa hukumu za mahakama kutoka TanzLII, hata kama tovuti hiyo ni hazina na haina malipo. Mtumie yule binamu mwenye kesi ya kiwanja.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Kutoka Kasulu: Dada, linki ikija na mishale miwili na maneno kwamba imesambazwa mara nyingi, ina maana ni ya uongo?

Hapana. Maana yake imepita mikononi mwa watu watano au zaidi, mmoja baada ya mwingine, na WhatsApp itakuruhusu kuipeleka mbele kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Ukweli wake haujapimwa na mtu. Rudi hatua ya pili uipime mwenyewe.

Kutoka Uvinza: Mimi yamenikuta kama ya mdogo wako. Nilishajaza kila kitu juzi. Nifanye nini?

Pole sana ndugu yangu, na usione aibu kusema. Badilisha nywila leo, ukiingia kupitia anwani halisi uliyoiandika kwa mkono, si kupitia ile linki. Kama nywila hiyo unaitumia pia kwenye barua pepe, anza na barua pepe. Kama uliandika namba ya siri ya pesa za simu, ibadilishe sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hapa, na upigie huduma kwa wateja ya mtandao wako. Kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, usije ukakuta usiyoijua. Wakianza kukutumia meseji za kitapeli, zipeleke 15040. Na yule aliyekutumia mwambie kwa upole, huenda hajui.

Kutoka Kibondo: Mimi ni mwalimu. Shuleni mtandao unapatikana kwenye kichuguu kimoja tu. Nawashirikishaje wanafunzi?

Mwalimu, swali lako limenifurahisha. Pakua ukiwa mjini, gawa ukiwa kijijini. Programu ya Kiwix inabeba Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya simu au kompyuta na kuisoma bila intaneti. Majaribio ya sayansi ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, unaweza kuyapakua moja moja na kuyafungua kwenye kivinjari bila mtandao. Umeme, msukumo, mawimbi, watoto wanashika na kusogeza wenyewe. Kwa madarasa ya chini kuna African Storybook yenye hadithi za Kiswahili za kupakua. Weka vyote kwenye memori kadi, mwalimu mwenzako ahamishe kwa Bluetooth.

Kutoka Ujiji: Bibi yangu ana kitochi na macho hayaoni vizuri. Yeye tumuache?

Asiachwe. Mimi bibi yangu nilimsomea kwa sauti ukurasa wa Wikipedia kuhusu MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa ameipanda mara nyingi, lakini hakujua kwamba Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na ikarudi kazini 1927. Alinisimamisha kila aya anisimulie ya kwake, na hayo hayamo kwenye tovuti yoyote. Ukipata picha, niletee tuichapishe kubwa.

Kutoka Tabora: Shoga, mimi ndiye wa dagaa. Simu mpya, ile linki imepotea. Giza la mwezi ujao lini?

Nimeshakutumia tena, safari hii nimeikata mkia. Ihifadhi ghalani kwako, shoga, na ukija niletee asali.