Treina ya baiskeli ya kupigia mazoezi ndani: anza na ekseli, afu nunua chuma

Watu wengi wanaotaka treina ya kufanyia mazoezi nyumbani wanaanzia kwenye picha na bei, mi nasema kabla ya yote nenda kainame uangalie gurudumu la nyuma la baiskeli yako, pale katikati ekseli inapofungwa. Treina inashika hapohapo, na kama hapakubali basi hata uwe na hela kiasi gani umenunua kitu cha kukaa stoo. Ninayoongelea ni ile stendi ya chuma yenye miguu mipana, unapandisha baiskeli yako mwenyewe, inabanwa ekseli kushoto na kulia, tairi la nyuma linakaa juu ya roda ndogo na hiyo roda ndo inakupa ugumu. Haihitaji wifi wala programu ya kulipia kila mwezi.

Sasa ekseli. Kama baiskeli yako ina kile kiwiko cha kufungua kwa mkono bila spana, umepona, treina karibu zote za kawaida zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Ila tumia ile fimbo ya chuma inayokuja na treina yenyewe, usibane ile ya zamani, maana nyingi zina kiwiko cha alumini au plastiki na mabano ya treina yanakiponda au baiskeli inachomoka katikati ya mazoezi. Baiskeli mpya za mlimani na za barabarani zenye breki za diski mara nyingi zina ekseli nene ya milimita 12 inayopita kwenye fremu na kufungwa kwa kuzungushwa, hiyo haikai bila adapta, kwa hiyo uliza adapta palepale kabla hujatoa hela. Ya tatu ndo tunayo wengi huku kwetu, ekseli ya nati, kuanzia Phoenix mpaka hizi za mtumba. Inawezekana, zipo nati ndefu maalum ambazo mabano ya treina yanazishika vizuri, ila thredi zinatofautiana kwa hiyo fungua nati yako moja nenda nayo dukani ikajaribiwe kwa mkono. Na kwenye Phoenix kuna kazi ya ziada, pale kwenye ekseli pamejazana stendi, vyuma vya madigadi na vya keria, vyote vimefungwa na nati ileile, kwa hiyo fundi wako atoe stendi na keria kwanza ndo ekseli ipate nafasi. Pima na ukubwa wa gurudumu pia, treina nyingi zinachukua inchi 26 mpaka 29, la Phoenix ni inchi 28 lakini rimu yake imezidi kidogo ile ya baiskeli za mbio, so lijaribishe usiamini maandishi ya kwenye boksi.

Ukishavuka hapo, angalia chuma. Treina ikiwa imekunjuliwa na kusimama, shika juu pale baiskeli inapokaa uitikise kwa nguvu kulia na kushoto. Ikilia au miguu ikicheza kwenye maungio, achana nayo, kwa sababu wewe utakuwa juu yake na uzito wako wote, na ukisimama kwenye pedeli uzito unahama upande mmoja kwa ghafla. Miguu iwe mipana, mpira wa chini uwe mzima, na treina yenyewe iwe nzito mkononi, nzuri zinafika kilo 8 hadi 10. Nyepesi sana ya kubebea kama mkoba mi siiamini kwa mtu mzima. Angalia pia uzito wa mpandaji unaoruhusiwa, huwa umeandikwa.

Kwenye kinacholeta ugumu kwenye roda, usichanganyikiwe, zipo za feni, za sumaku na za oili. Ya feni inapiga kelele kweli, kama umepanga chumba iache. Ya sumaku ndo rahisi kuliko zote, ina kiwaya mpaka kwenye hendeli unaongeza na kupunguza ugumu kwa kidole, haivuji kitu, ikiharibika mara nyingi ni waya tu umekatika na fundi baiskeli yeyote anaubadili. Ya oili inakwenda laini zaidi na haina cha kurekebisha, ukiongeza kasi nayo inazidi kuwa nzito yenyewe, karibu na unavyohisi upepo barabarani, tatizo lake ni sili, yaani vile vizibo vya kuzuia oili isitoke, zikichoka oili inavuja sakafuni. Kinetic Road Machine wao walilimaliza hilo, chumba cha oili kimezibwa kabisa na nguvu inapita kwa sumaku, ukiikuta ya mtumba yenye hali nzuri ichukue bila kuwaza sana. Kwa anayeanza, anataka jasho na kupunguza mwili, sumaku inatosha kabisa. Zile za kuvua gurudumu la nyuma na kufunga mnyororo moja kwa moja kwenye treina, mfano Wahoo Kickr, ni nzuri na kimya ila bei yake ni nyingine, na nyingi zinataka umeme. Za kuendeshea juu ya roda tatu bila kushikwa popote waachie wanaofanya mbio.

Ya mtumba usiinunue kwa macho. Zungusha roda kwa mkono wako huku umesogeza sikio, inatakiwa izunguke kimya na ichelewe kusimama, ukisikia mkwaruzo bearingi zimekwisha. Shika lile gurudumu zito la pembeni ulisukume ndani nje, lisicheze. Pitisha kitambaa cheupe kuzunguka kile chumba kinacholeta ugumu uone kama kinatoka na oili. Mwenye mali akikukatalia kuijaribu na baiskeli yako, ondoka.

Kufunga nako kuna namna yake na hapa ndo wengi wanakula matairi. Jaza upepo mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, funga baiskeli, sogeza roda mpaka iguse tairi, afu kaza nobu, ile ya kuzungusha inayosukuma roda kwenye tairi, kama mizunguko miwili au mitatu tena. Sasa shika roda kwa mkono mmoja na gurudumu kwa mkono mwingine uzungushe kwa nguvu, tairi likiteleza kaza kidogo. Kubana kupita kiasi kunapasha tairi moto na kulimaliza, kulegea nako kunalimaliza vilevile maana linasuguka. Matairi ya vipara, yaani laini yasiyo na manundu siyo yaliyokwisha, yanakwenda vizuri, yale ya manundu ya mlimani yanapiga kelele na kutetemesha nyumba nzima, kwa hiyo tafuta tairi moja la kipara la bei rahisi liwe la treina tu. Gurudumu la mbele liinue kwa kipande cha ubao mpaka baiskeli ilale sawa, usipofanya hivyo mikono na mabega ndo yanabeba mwili.

Chini weka mkeka mzito wa mpira, mtikisiko unashuka kwenye sakafu na jirani wa chini anausikia kuliko wewe. Feni iwe mbele yako kabisa, ndani hakuna upepo wa kwenda na ukiwa Dar au Mombasa dakika 10 tu umelowa. Taulo lilale juu ya hendeli na bomba la juu la fremu, jasho lina chumvi na linakula bolti. Kuhusu muda, WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa mara tano, na treina iliyokaa tayari imefungwa pembeni ya chumba inakurahisishia hilo kuliko ile unayoikunja na kuificha kila siku. Mwenye presha au moyo aongee na daktari kwanza jamani.

Ukimaliza kila siku legeza ile nobu roda iachane na tairi, likikaa limebanwa usiku kucha linapata bonde na kesho yake utaanza kusikia dug dug dug. Na bolti za miguu uzipitie kwa spana mara mojamoja, mtikisiko huwa unazilegeza taratibu bila wewe kujua.