Mjane wa Marekani, mafao ya marehemu uyachukue lini?

Dada zangu, mume akifa huku, kila anayekuja matangani ana lake: "Chukua mapema, nani anaijua kesho?" Mimi naishi Columbus, marehemu alikuwa dereva wa lori, na sikuwafuata.

Una mafao mawili Social Security, yaani mfuko wa serikali wa hifadhi ya jamii: la marehemu, na lako ulilochangia kazini. Hulipwi yote kwa pamoja, ila waweza kuanza na moja kisha ukahamia jingine. Lako ukilichukua na miaka 62 hushuka hadi asilimia 70 ya fao kamili. Ukingoja hadi 70 hufika 124. La marehemu huanza ukiwa na 60, kwa asilimia 71.5, likatimia 100 ukifika 67, kwa sisi tuliozaliwa 1962 na baadaye. Hapo halikui tena.

Basi anza na lile ambalo hutalitegemea uzeeni. La mume wangu ni dola 2,000 kwa mwezi, langu 1,000. Nikachukua langu nikiwa na 62, dola 700, la marehemu naliacha mpaka 67. Langu lingekuwa 1,800, ningeanza na lake nikiwa na 60, dola 1,430, kisha nihamie langu nikifika 70, dola 2,232. Mwambie karani aandike kabisa kwamba unaomba moja tu.

Ila kama marehemu alianza kulipwa mapema, lake lina kikomo: alichokuwa akipata, au asilimia 82.5 ya fao kamili, lililo kubwa. Kungoja 67 huenda kusikufae.

Mwenye mtoto wa marehemu aliye chini ya miaka 16 hangojei 60, aombe sasa. Anayefanya kazi ajue kwamba kabla ya umri wa fao kamili (hiyo 67), mwaka 2025, kwa kila dola 2 za mapato ya kazi zilizozidi 23,400 kwa mwaka, fao lilikatwa dola 1. Na anayeposwa, mchumba asubiri: kuolewa kabla ya 60 kunakufungia fao, baada ya hapo hakudhuru. (Shangazi zangu hili hawalipendi.)

Fao la marehemu haliombwi mtandaoni. Hata ukiwa edani, piga 1-800-772-1213, cheti cha ndoa cha kadhi kiwe karibu. Ulizia na dola 255 za mkupuo anazolipwa mjane mara moja, kabla miaka 2 haijapita. Akifa Julai, malipo ya Agosti ndiyo ya Julai, nayo hurudishwa. Ukiyaona benki usiyaguse, hata kwa hitima.